Voltaire: mwandishi aliyeweka mguu pande mbili za mpaka

Mwishoni mwa mwaka 1758, mwandishi mmoja Mfaransa mwenye umri wa miaka 64 alinunua nyumba na mashamba katika kijiji duni kiitwacho Ferney. Kijiji hicho kilikuwa ndani ya Ufaransa, lakini ukitoka hapo kwa miguu, baada ya saa moja na nusu hivi umeshafika Geneva, ambayo wakati huo ilikuwa jamhuri yenye serikali yake. Upande huo wa pili tayari alikuwa na nyumba nyingine. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Siku askari wa mfalme wa Ufaransa wakija kumtafuta, atavuka kwenda Geneva. Siku wachungaji wa Geneva wakimchoka, atavuka kurudi Ufaransa. Wanaoishi mpakani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mtu huyo ni Voltaire. Jina lake halikosekani panapozungumzwa karne ya 18 ya Ulaya, zile zinazoitwa Zama za Mwangaza, wakati watu walipoanza kuwauliza wafalme na maaskofu maswali yaleyale ambayo wanasayansi waliyauliza kuhusu mwezi na nyota: umejuaje, na ushahidi uko wapi? Yeye mwenyewe hakugundua kanuni yoyote ya sayansi, wala hakubuni mfumo mpya wa serikali. Kazi yake ilikuwa ya kichuuzi zaidi. Alichukua fikra zilizozalishwa kwingine, akazifunga vizuri, akazivusha mpaka na kuzifikisha kwa mnunuzi wa kawaida.

Alizaliwa Paris mwezi Novemba 1694 kwa jina la François-Marie Arouet. Baba yake alikuwa mtu wa mihuri na mikataba, mwandishi wa hati za kisheria, mwenye kipato kizuri lakini asiye na ukoo wa kujivunia. Mama alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Wajesuiti wakamfundisha Kilatini na ushairi katika shule ya Louis-le-Grand. Baba alitaka mwanasheria, kijana akataka mashairi, na mwaka 1717 mashairi hayo yakamfikisha Bastille, gereza la mfalme jijini Paris, kwa kosa la kumkejeli mtawala aliyeshika madaraka kwa niaba ya mfalme mtoto, Louis XV. Alikaa ndani miezi 11 bila kesi yoyote kusikilizwa. Alipotoka alijiita Voltaire, na tamthilia yake ya kwanza, iliyochezwa 1718, ikajaza ukumbi.

Kwa miaka michache aliamini kwamba kipaji kimempa nafasi mezani pa wakubwa. Mwanzoni mwa 1726 aligombana na mwana wa ukoo mkubwa, chevalier de Rohan. Siku chache baadaye Voltaire akiwa anakula chakula kwa mtukufu mmoja aliitwa nje, na huko watumishi wa Rohan wakampiga kwa fimbo huku bwana wao akitazama kutoka ndani ya gari lake. Wenyeji aliokuwa akila nao hawakutaka kumtetea. Alipoanza kutafuta namna ya kulipiza, aliyekamatwa ni yeye. Akarudishwa Bastille, na akaachiwa kwa sharti la kuondoka nchini.

Akaenda Uingereza.

Kituo hiki cha maisha yake ndicho kilichozaa mengine yote, na kilianza vibaya. Mfadhili wa fedha wa London ambaye Voltaire alikuwa na hati ya kuchukulia pesa kwake alikuwa amefilisika. Aliyempokea ni mfanyabiashara wa nguo, Everard Fawkener, aliyewahi kuishi Aleppo, Syria, akifanya biashara na dola ya Waturuki. Voltaire alikaa nyumbani kwake nje kidogo ya London, akajifunza Kiingereza, akaanza kutazama. Alishangaa kuona mfanyabiashara akiheshimiwa. Kwao Ufaransa, mtoto wa mtukufu aliyejishughulisha na biashara aliweza kupoteza cheo cha ukoo. Hapa watoto wa malodi walifungua ghala. Miaka michache baadaye Voltaire alichapisha tamthilia yake Zaïre kwa heshima ya Fawkener, na watu wa Paris wakacheka. Kitabu kilistahili kuwekwa wakfu kwa mwana wa mfalme au angalau askofu. Kumpa muuza nguo kulionekana kichekesho. Kwa Voltaire haikuwa kichekesho.

Alitembelea pia soko kuu la wafanyabiashara la London. Aliona Myahudi, Mwislamu na Mkristo wakipatana bei kana kwamba wote ni wa dini moja, na mtu pekee aliyeitwa kafiri pale sokoni alikuwa yule aliyefilisika na kushindwa kulipa. Mprotestanti alimwamini Mquaker kwa ahadi ya mdomo. Jioni huyu alikwenda sinagogi, yule akaenda baa, kila mtu akarudi kwake salama. Ufaransa ilikuwa imefuta haki za Waprotestanti tangu 1685. Ndoa zao hazikutambuliwa na sheria, watoto wao walihesabiwa wa nje ya ndoa, na kazi nyingi zilifungwa kwao.

Mwezi Machi 1727, Voltaire akiwa bado Uingereza, alifariki Isaac Newton. Mtu aliyezaliwa kwa mkulima alizikwa Westminster Abbey, wanakozikwa wafalme, jeneza lake likishikiliwa na watu wenye vyeo vya juu kabisa nchini. Miaka yake ya mwisho alikuwa pia mkuu wa kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu, kazi aliyoifanya kwa ukali uliowatetemesha waghushi fedha. Lakini kilichompa heshima ile ni kitabu chake cha mwaka 1687, kilichoonyesha kwa hesabu kwamba nguvu inayoangusha tunda chini ya mti ndiyo hiyohiyo inayoushika mwezi usitoroke angani. Sheria moja kwa mbingu na ardhi, na yeyote mwenye kalamu na subira anaweza kuipiga hesabu mwenyewe. Kisa cha tufaha kilichoenea duniani kote, Voltaire alikipata kupitia mpwa wa Newton, naye ni mmoja wa waliokitangaza sana.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana ukiutazama kwa macho ya siku zile. Mfalme wa Ufaransa alidai kutawala kwa amri ya Mungu, na mtukufu alikuwa na sheria yake, mkulima na yake. Sasa unaambiwa kwamba mbinguni kwenyewe hakuna upendeleo. Sayari kubwa na jiwe la njiani vinatii kanuni moja. Mwingereza mwingine, John Locke, alikwisha kuandika kwamba serikali ni makubaliano, na kazi yake ni kulinda uhai, uhuru na mali za watu. Voltaire aliviunganisha viwili hivi kichwani mwake na hakuviachanisha tena.

Alirudi Ufaransa na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutafuta pesa. Aliona kwamba mwandishi maskini huandika anachoambiwa. Serikali ya Paris ilikuwa imeanzisha bahati nasibu ili kuwafuta machozi waliokuwa wameikopesha, na rafiki yake La Condamine, mwanahesabu kijana, aligundua kwamba waliopanga mchezo walikosea hesabu: jumla ya zawadi ilizidi gharama ya kununua tiketi zote. Wakaunda kikundi, wakanunua tiketi kwa wingi mwezi baada ya mwezi, na kabla serikali haijafunga tundu Voltaire alikuwa ametajirika. Serikali iliwapeleka mahakamani ikashindwa, maana hawakuvunja sheria yoyote. Baadaye aliwakopesha watawala wadogo wa Ujerumani kwa mpango wa kulipwa kila mwaka hadi afe. Kwa kuwa alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi na malalamiko ya tumbo yasiyoisha, wakopaji walidhani wamefanya biashara nzuri. Aliishi hadi miaka 83.

Mwaka 1734 vilitoka Ufaransa vile alivyoviona Uingereza, katika kitabu cha barua 25, Barua za Kifalsafa. Ndani yake mlikuwa na Newton, Locke, soko la London, bunge, na hata chanjo ya ndui, ambayo mke wa balozi wa Uingereza aliijifunza Istanbul na kuipeleka kwao. Voltaire mwenyewe alinusurika ndui mwaka 1723, kwa hiyo hakuandika kama mtazamaji. Mahakama Kuu ya Paris iliamuru kitabu kichomwe moto na mnyongaji wa serikali. Hati ya kumkamata ikatoka, naye akatorokea Cirey, karibu na Lorraine, ambayo haikuwa bado chini ya Ufaransa. Tazama jinsi mipaka inavyojirudia katika maisha yake.

Cirey ilikuwa nyumba ya Émilie du Châtelet, na katika masuala ya hesabu mwanamke huyu alimzidi Voltaire kwa mbali. Waliishi pamoja kwa miaka mingi, mume wa Émilie akijua na kuvumilia. Walipima vyuma vilivyopashwa moto ili kujua kama moto una uzito. Kila mmoja akaandika insha yake kwa shindano la Chuo cha Sayansi cha Paris, Émilie akifanya yake usiku kwa siri. Hakuna aliyeshinda, lakini zote mbili zilichapishwa. Mwaka 1738 Voltaire alitoa kitabu cha kumfafanulia Newton msomaji asiye mtaalamu, na msaada wa Émilie uko kila mahali ndani yake. Wakati huohuo misafara ya Wafaransa ilikuwa imetumwa kupima dunia, mmoja kaskazini kabisa huko Lapland na mwingine karibu na Ikweta katika milima ya Quito, La Condamine yule wa bahati nasibu akiwemo. Vipimo vikaonyesha kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, kama Newton alivyokuwa amekokotoa bila kutoka nyumbani. Wakubwa wa elimu wa Ufaransa waliomkataa Mwingereza kwa sababu ya uzalendo ikabidi wanyamaze.

Émilie alifariki Septemba 1749, siku chache baada ya kujifungua, akiwa amekamilisha kukitafsiri kitabu cha Newton kwa Kifaransa. Ndiyo tafsiri kamili Wafaransa wanayoitumia hadi leo. Voltaire aliyumba.

Akajaribu dawa nyingine: mfalme mwanafalsafa. Frederick II wa Prussia alikuwa akiandikiana naye tangu 1736, na siku chache tu baada ya kupanda kwenye kiti mwaka 1740 alipiga marufuku mateso ya washtakiwa, isipokuwa kwa makosa machache. Jambo kubwa, na kweli lilitokana na vitabu. Mwishoni mwa mwaka huohuo mfalme huyohuyo aliivamia Silesia bila sababu ya haki. Voltaire alikwenda kuishi kwake mwaka 1750 na wakaachana kwa fedheha 1753, baada ya ugomvi wa kisomi na biashara ya hatifungani ambayo Voltaire hakupaswa kuigusa. Njiani akizuiwa Frankfurt na mawakala wa Frederick, alikaa wiki kadhaa kama mfungwa kwa sababu ya kitabu cha mashairi ya mfalme alichokuwa nacho mizigoni. Tangu hapo aliendelea kuwasifu wafalme kwa barua, lakini hakulala tena chini ya paa la yeyote kati yao. Ndipo akaja Geneva, na hatimaye Ferney.

Mwezi Machi 1762 mfanyabiashara mmoja wa Marseille aliyekuwa akipita Geneva alimletea habari kutoka Toulouse. Muuza nguo wa Kiprotestanti, Jean Calas, alikuwa ameuawa hadharani tarehe 10 ya mwezi huo. Mwanawe mkubwa, Marc-Antoine, alikuwa amekutwa amekufa dukani usiku wa Oktoba 1761, shingo ikiwa na alama ya kamba. Mtaani ikasemwa kwamba familia imemnyonga kwa sababu alitaka kuingia Ukatoliki. Familia ilisema kwanza kwamba ameuawa na mtu wa nje, kisha ikakiri kwamba ilimkuta amejinyonga. Walificha kwa kuwa maiti ya aliyejiua iliburutwa barabarani kwa aibu. Kugeuka huko kwa maneno kuliwaponza. Majaji 8 kati ya 13 walipiga kura ya kifo. Mzee wa miaka zaidi ya 60 alivunjwavunjwa viungo kwa rungu la chuma, akafungwa kwenye gurudumu, akiendelea hadi mwisho kusema hana hatia.

Voltaire hakumwamini mtu mara moja. Mwanzo alidhani huenda baba huyo kweli ameua kwa ushupavu wa dini. Akamtafuta mtoto mdogo wa Calas aliyekuwa Geneva, akamhoji. Akaandika barua kwa kila aliyefahamu Toulouse. Akauliza maswali ya mtu aliyezoea vipimo: mzee mmoja angewezaje kumnyonga kijana wa miaka 28 mwenye nguvu? Kama walisaidiana, mbona yule mtumishi wa nyumba, Mkatoliki aliyekuwamo usiku ule, hakuhukumiwa kama wao? Akagundua pia namna mahakama ile ilivyohesabu ushahidi: tetesi moja ilikuwa robo ya uthibitisho, nyingine thumuni, zikijumlishwa zikitimia mtu anakufa. Hesabu ya aina hiyo isingepita hata katika duka la kijijini. Uvumi mia moja ukijumlishwa unabaki uvumi.

Alipojiridhisha, hakuacha tena kwa miaka mitatu. Alimpeleka mjane wa Calas Paris, akalipa mawakili, akachapisha maelezo ya familia, akawaandikia mawaziri, mabibi wa ikulu na watawala wa nchi jirani kuomba michango. Mwaka 1763 akatoa kitabu juu ya uvumilivu wa dini, kilichojengwa juu ya kesi hii. Mwaka 1764 Baraza la Mfalme lilifuta hukumu ya Toulouse, na tarehe 9 Machi 1765 Calas akatangazwa hana hatia. Mfalme aliipa familia livre 36,000. Kwa mara ya kwanza mwandishi asiye na cheo, akiwa mbali na mji mkuu, alilifanya neno la umma kuwa zito kuliko muhuri wa mahakama. Mimi naona hili ni kubwa kuliko vitabu vyake vyote.

Hakushinda kila kesi. Tarehe 1 Julai 1766 kijana aitwaye La Barre, hajafika miaka 21, aliuawa Abbeville kwa kuimba nyimbo za matusi na kutovua kofia mbele ya maandamano ya kanisa. Kamusi ya falsafa iliyoandikwa na Voltaire ilitupwa kwenye moto uliochoma mwili wake. Miezi michache baadaye, mke wa muuza vitabu alikamatwa katika kituo cha forodha cha Collonges na sanduku la vitabu vilivyopigwa marufuku, vimefunikwa kwa nguo kuukuu. Gari na farasi vilikuwa vya Voltaire. Mzee alitetemeka vibaya, akaandika barua kila upande, akakana kila kitu, hadi jambo likazimwa. Ushujaa wake ulikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ndiyo iliyomweka hai.

Kijijini alifanya kazi za mikono. Alikausha vinamasi, akapanda miti, akajenga shule na kanisa. Mwaka 1770 mafundi saa wa Geneva walionyimwa haki za uraia katika mji wao walikimbilia kwake, akawajengea nyumba, akawakopesha dhahabu ya kuanzia. Kisha akawa wakala wao wa mauzo. Aliwaandikia mabalozi wa Ufaransa kote Ulaya akiwaomba waitafutie soko bidhaa ya Ferney. Catherine wa Urusi aliagiza saa. Akapelekewa nyingi kuliko alizotaka, akalipa. Katoliki na Mprotestanti walikaa benchi moja karakanani, na kijiji kilichokuwa na nyumba chache kikapata watu zaidi ya elfu moja.

Kikwazo kilikuwa ushuru. Ufaransa ya wakati ule haikuwa soko moja. Mikoa ilikuwa na vituo vya forodha baina yake, na ushuru mwingi ulikodishwa kwa kampuni ya matajiri waliomlipa mfalme kiasi maalumu kisha wakajikusanyia wenyewe, kwa walinzi wao wenye silaha. Chumvi ndiyo iliyouma zaidi. Mkoa mmoja ungeweza kuilipia zaidi ya mara kumi ya bei ya mkoa jirani, na katika sehemu kubwa ya nchi kila kaya ililazimishwa kununua kiasi kilichopangwa, itake isitake. Wenye magendo ya chumvi walihukumiwa kazi ngumu, na waliokamatwa kwa kundi lenye silaha waliweza kuuawa. Wilaya ya Gex, ambamo Ferney imo, imetengwa na Ufaransa yote na milima ya Jura. Soko lake la asili ni Geneva. Hata hivyo walinzi walisimama kati ya mkulima na soko hilo, wakipekua mikokoteni na kuingia majumbani.

Mwaka 1774 Louis XVI alimteua Turgot kuwa waziri wa fedha, mtu wa kundi la wanafalsafa. Turgot aliachia huru biashara ya nafaka kati ya mikoa. Kwa bahati mbaya mavuno yalikuwa mabaya, bei ikapanda, na masika ya 1775 watu wenye njaa wakavamia maghala. Si kila kanuni nzuri huvumiliwa na tumbo tupu. Kwa Gex, Voltaire alimwandikia bila kuchoka, na mwishowe makubaliano yakapatikana: wilaya italipa livre 30,000 kwa mwaka, na walinzi wa kampuni wataondoka. Tarehe 12 Desemba 1775, katika baridi kali, mzee wa miaka 81 alikwenda Gex kwenye mkutano wa wilaya kuwashawishi wajumbe wakubali. Wakakubali. Alirudi nyumbani akishangiliwa njia nzima. Miezi mitano baadaye Turgot alifukuzwa na mageuzi yake mengi yakafutwa, lakini makubaliano ya Gex yakabaki.

Msomaji wa pwani yetu ana haki ya kuuliza mwangaza huo ulimfikia nani. Septemba 1776, mwaka uleule Gex ilipoanza kupumua, mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Ile de France, yaani Mauritius ya leo, na Bourbon, ambayo ni Réunion. Voltaire hakuhusika na mkataba huo. Katika hadithi yake Candide ya 1759 alimweka mtumwa wa Surinam aliyekatwa mkono na mguu, akieleza kwamba hiyo ndiyo bei ya sukari inayoliwa Ulaya. Lakini mtu huyohuyo aliweka pesa zake katika kampuni za biashara ya ng'ambo zilizofungamana na utumwa, na aliandika kwamba Waafrika ni aina nyingine ya watu, ya chini, bila ushahidi ambao angeudai kwa jaji wa Toulouse. Kuhusu Wayahudi aliandika mambo ya kuchukiza. Na Poland ilipogawanywa mwaka 1772, aliwapongeza wagawanyaji, maana wawili kati yao walikuwa rafiki zake wa barua.

Februari 1778 alirudi Paris baada ya miaka 28. Mji ulimpokea kama mfalme, na tamthilia yake mpya ikachezwa naye akivikwa taji la majani. Uchovu ukammaliza. Alifariki tarehe 30 Mei. Kanisa la Paris lilikataa kumzika, basi jamaa zake wakamvisha maiti nguo, wakamketisha ndani ya gari la farasi kama msafiri aliyesinzia, wakaondoka naye usiku hadi Champagne, kwenye abasia iliyokuwa chini ya mpwa wake. Amri ya askofu ya kuzuia mazishi ilifika wakiwa wamekwisha kufukia.

Mateso ya kumlazimisha mshtakiwa akiri yalifutwa Ufaransa mwaka 1780. Waprotestanti walirudishiwa haki ya kuandikisha ndoa na watoto wao mwaka 1787. Kodi ya chumvi ilifutwa 1790, na vituo vya forodha vya kati ya mikoa vikafuata. Wale matajiri wa kampuni ya ushuru walisubiriwa na kisasi: 28 kati yao walikatwa vichwa siku moja, Mei 1794, na mmoja wao alikuwa Lavoisier, mkemia mkubwa kuliko wote wa zama zake. Mapinduzi yaliyozaliwa na vitabu hayakusoma kila kitabu. Voltaire mwenyewe yalimfukua na kumhamishia Panthéon, Paris, Julai 1791, kwa maandamano marefu.

Kijiji kiliuzwa na mpwa wake baada ya kifo chake, na mafundi saa wengi wakatawanyika. Leo kinaitwa Ferney-Voltaire. Mikataba ya 1815 iliuweka tena mstari wa forodha wa Ufaransa nyuma ya Gex ili wilaya ifanye biashara na Geneva bila kizuizi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Ufaransa ikausogeza mstari huo hadi mpakani, shauri likafikishwa na nchi zote mbili kwenye mahakama ya kimataifa ya The Hague, na mwaka 1932 majaji wakaiamuru Ufaransa iurudishe mstari nyuma kabla ya tarehe 1 Januari 1934.